Miti ya matunda uani wakati wa kipupwe: nini kifanywe, lini, na nini kisubiri

Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huanza Juni na kwisha Agosti. Mvua zimekata tangu Mei, mchana jua linawaka, na ikifika saa 2 usiku watu wameshakusanyika jikoni kuota moto. Njombe, Makete, Mufindi na miinuko ya Mbeya hupata jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu juu ya nyasi na majani. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, jalidi ni jambo la kila mwaka. Baridi ya Lushoto ni ya ukungu na manyunyu, na jalidi huko ni nadra, lakini miti ya uani ni ileile na kazi nyingi zilizoelezwa hapa zinafaa huko pia.

Mwongozo huu ni wa mwenye miti mitano hadi ishirini nyuma ya nyumba, asiye na mashine wala bwawa. Mti uliokomaa huvumilia baridi kuliko wengi wanavyodhani. Makosa yanayoumaliza hufanywa na mwenyewe, na karibu yote ni ya haraka: kupogoa Juni kwa sababu kazi za shamba zimepungua, kumwaga urea ili mti “upate nguvu” ya kupambana na baridi, na kukata matawi yaliyoungua kwa jalidi kesho yake asubuhi. Ndiyo sababu tumeyapanga mambo kwa kufuata kalenda.

Tambua kwanza mti wako ni wa kundi gani

Mtufaha, mpeasi, mpichi na mplamu hupukutisha majani na kulala. Miti hii inaihitaji baridi: macho yake, yaani sehemu zinazochipua majani na maua, hayafunguki vizuri mpaka yapate saa za kutosha chini ya nyuzijoto 7. Anna na Dorsett Golden, aina mbili za tufaha zinazofaa nchi zetu, huridhika na saa kati ya 100 na 300. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa 1,000 hivi, na ukizipanda huku zitakaa miaka zikitoa majani kwa kudonadona na maua mawili matatu. Ukiwa na Anna, panda na Dorsett Golden karibu yake, kwa maana huchavushana.

Mparachichi, mlimau na mchungwa hailali. Majani yapo mwaka mzima, maji yanapanda shinani mwaka mzima, na jalidi huikuta miti hii ikiwa macho. Kinga yote ya usiku iliyoelezwa hapa ni kwa ajili ya kundi hili, hasa miche yenye umri chini ya miaka mitatu. Kupogoa kwa Agosti ni kwa kundi la kwanza.

Kuanzia Mei hadi mwisho wa Juni: maandalizi

Simamisha mbolea za naitrojeni tangu mwanzoni mwa Mei: urea, CAN, na samadi mbichi ya kuku. Naitrojeni huotesha machipukizi laini yaliyojaa maji. Hayo ndiyo ya kwanza kuganda, na yakiganda mti umepoteza akiba yote uliyotumia kuyaotesha.

Ondoa matunda makavu yaliyoning’inia na yale yaliyoanguka. Pichi na plamu zilizokaukia mtini hubeba ukungu wa kuoza kahawia, ambao hulala humo ukisubiri maua ya msimu ujao. Yaliyoanguka yana funza wa nzi wa matunda, hasa Bactrocera dorsalis, nzi aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Funza huyu huingia ardhini kukamilisha makuzi yake, kwa hiyo kuyafagia matunda pembeni ya ua ni kumhamishia makazi tu. Chimba shimo la sentimita 80, yamwage humo, kisha yafukie kwa udongo usiopungua nusu mita na uushindilie.

Weka matandazo ya nyasi kavu au mabua, unene wa sentimita 8 hadi 10, kuanzia sentimita 20 kutoka shinani hadi pale kivuli cha matawi kinapoishia. Usiyagusishe na shina. Matandazo yaliyolundikwa shinani huleta mchwa na panya, na gome hubaki na unyevu hadi likaoza. Kuna jambo moja la kupima hapa. Mchana udongo hukusanya joto la jua na usiku hulitoa. Matandazo mazito hulifungia joto hilo chini, na hewa inayozunguka majani huwa baridi zaidi. Kwa mtufaha uliolala haidhuru. Kwa mche wa parachichi ulio mahali penye jalidi, inadhuru. Hapo, kufika katikati ya Juni, sogeza matandazo hadi sentimita 60 kutoka shinani, acha udongo wa katikati ukiwa wazi, umeshindiliwa kidogo, na una unyevu. Yarudishe wiki ya mwisho ya Agosti. Kama kwako jalidi haifiki, yaache yalivyo, maana huko adui ni ukavu.

Maji ya kipupwe yanataka kipimo. Mti uliopukutisha majani hutumia kidogo sana: lita 20 kila baada ya wiki mbili au tatu zinatosha ukiwa chini ya miaka mitatu, na mti mkubwa wenye mizizi mirefu unaweza kuachwa bila maji hadi macho yaanze kuvimba. Mparachichi wa mwaka wa kwanza upewe lita 15 hadi 20 kwa wiki, wa miaka miwili au mitatu lita 40 hivi, zigawanywe mara mbili. Kabla ya kumwagia, chimba kwa kijiti sentimita 15, chukua udongo na uufinye kiganjani. Ukifanya donge linalovunjika ukiligusa kwa kidole, unyevu unatosha. Ukinata kama ugali, subiri. Udongo uliotota hukuza Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachoozesha mizizi ya parachichi, na mti wenye mizizi iliyooza hunyauka ukiwa umesimama kwenye maji. Mwenye mti akiona unanyauka huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Mwagilia kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, ili udongo wenye unyevu upate mchana mzima wa kunywa jua.

Kisha zunguka uangalie ua wako. Hewa baridi ni nzito na hutiririka mteremkoni kama maji. Ua mnene wa michongoma au matete upande wa chini wa kiwanja huizuia kama bwawa, na miti iliyo nyuma ya ua huo huungua wakati ya jirani aliye juu kidogo imesalimika. Fungua mwanya wa mita moja na nusu hadi mbili kwenye kona ya chini kabisa, hewa ipate pa kutokea. Kama unaogopa mbuzi, weka geti la fito zilizoachana. Na usiwaachie mbuzi nafasi yoyote: majani yakiadimika Julai hutafuna gome, na shina lililotafunwa mzunguko mzima halitapona.

Mwisho, fyeka na kwangua mkanda wa mita 3 kuzunguka kiwanja dhidi ya moto kichaa. Nyasi za Agosti hushika kwa cheche moja.

Usiku wa jalidi

Jalidi hutoa dalili. Ardhi hupoteza joto kwa kulirusha angani. Mawingu hulirudisha, upepo huchanganya hewa ya juu yenye joto na ya chini yenye baridi. Usiku ukiwa na nyota tupu, jani halitikisiki na hewa ni kavu, hakuna kinachoizuia ardhi kupoa. Hii pia ndiyo sababu wenzetu wa nyanda za juu za Kenya, kama Limuru na Kinangop, huona jalidi zaidi Januari na Februari anga linapokuwa wazi, ilhali Julai yao, pamoja na baridi yake yote, imefunikwa na mawingu. Msomaji wa huko asogeze sehemu hii ya mwongozo hadi miezi hiyo.

Nunua kipimajoto cha kawaida, ukifunge kwenye mti mmoja mfupi mita moja kutoka ardhini, mahali pasipo na paa juu yake. Kikisoma nyuzi 6 au chini saa 3 usiku, na dalili nyingine zipo, jiandae. Baridi hufikia kilele kati ya saa 11 alfajiri na jua kuchomoza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe pamoja na utabiri wa kila siku. Usikilize, lakini kumbuka kuwa bonde lako linaweza kuwa na baridi kuliko kituo cha mji.

Kibanda cha kukinga mche wa parachichi hutengenezwa hivi:

1. Simika fito nne kuzunguka mche, kila moja sentimita 50 kutoka shinani, zipite ncha ya mche kwa sentimita 20 hadi 30.
2. Juu yake funga fito nyembamba zilizokingama, kisha ezeka kwa nyasi kavu au gunia la katani. Paa ndilo lenye kazi kubwa, kwa kuwa joto hupotelea juu. Mwenye nyasi chache aanze na paa.
3. Ziba upande wa mashariki na wa kusini kwa nyasi hadi chini. Mashariki hukinga jua kali la asubuhi lisiyayeyushe majani yaliyoganda kwa ghafla. Acha kaskazini wazi: Julai jua letu hupita upande huo, nalo litapasha udongo mchana.
4. Hakikisha hakuna jani linalogusa paa wala ukuta. Jani lililogusa kifuniko chenye barafu huganda nacho.
5. Kiroba cha sandarusi kinafaa kwa usiku mmoja mmoja. Kifunike jioni kabla jua halijazama, udongo ukiwa bado una joto, na kiondolewe ifikapo saa 3 asubuhi. Nailoni iliyoachwa mchana huuchemsha mche, na usiku huruhusu joto kupita kuliko gunia au nyasi.

Shina la mche lifungwe kwa majani makavu ya mgomba au gunia, kuanzia chini hadi sentimita 20 juu ya kovu la kiungio, yaani pale aina ya matunda ilipounganishwa na shina la mbegu. Sehemu hiyo ndiyo roho ya mti uliounganishwa. Matawi yote yakiungua lakini kiungio kikasalimika, bado una parachichi ya aina uliyonunua, kama Hass. Kikifa kiungio, kitakachochipua chini yake ni mti wa mbegu, na utaulea miaka mitano ndipo ugundue.

Watu wengi huchoma nyasi mbichi wakiamini moshi ni blanketi. Moshi hauzuii joto la ardhi kupanda. Chembe zake ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Joto la moto wenyewe husaidia kidogo kwa aliye karibu nao, lakini kuacha moto usiku kucha katika kiwanja kikavu ni hatari kubwa kuliko faida. Kunyunyizia maji majani usiku nako kuna mtego: hufaa tu maji yakiendelea bila kukatika hadi barafu iyeyuke asubuhi. Ukinyunyiza kidogo ukaenda kulala, maji yale hupoza jani zaidi yanapokauka. Mwenye bomba la mgao asijaribu.

Asubuhi yake

Usitikise matawi, usimwage maji ya moto wala ya baridi juu ya majani. Acha yayeyuke taratibu kivulini. Majani yatakuwa meusi au ya kahawia ndani ya siku mbili, yatanyauka, na mti utatisha kuutazama. Usiukate. Mpaka kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai hauonekani bado, na ukikata sasa mti utatoa machipukizi mapya yatakayoungua jalidi ijayo. Majani makavu na matawi yaliyoungua pia hufunika yale ya ndani.

Kinachofuata baada ya majani kukauka ni jua. Matawi yaliyokuwa kivulini sasa yako wazi, na gome la parachichi hubabuka likichomwa moja kwa moja. Chukua rangi nyeupe ya maji, ile ya kupakia kuta za ndani, ichanganye na maji kiasi kwa kiasi, upake shina na upande wa juu wa matawi makubwa. Usitumie rangi ya mafuta; inaua gome.

Subiri hadi machipukizi mapya yafikie urefu wa kiganja, kwa kawaida Septemba au Oktoba. Ndipo ukwangue gome kwa ukucha kuanzia ncha ukishuka chini. Pakiwa kahawia pamekufa, pakiwa kijani pako hai. Kata sentimita moja ndani ya kijani, juu ya jicho.

Julai: kuilaza miti isiyotaka kulala

Karibu na ikweta miti ya Ulaya huchanganyikiwa. Siku hazifupiki vya kutosha, baridi ni ya usiku tu, na utakuta mtufaha una majani mabichi, maua mawili na tunda moja kwa wakati mmoja. Dalili ya mti ambao haukulala vizuri ni matawi marefu yaliyo matupu katikati, majani yakiwa nchani tu. Wakulima wa tufaha wa Batu, Java Mashariki, walitatua hili kwa kupukutisha majani kwa mkono, na njia hiyo inafaa huku pia.

Punguza maji wiki tatu au nne kabla. Kisha, Julai mwishoni, ondoa majani yote yaliyobaki. Shika jani na ulivute kuelekea ncha ya tawi, si kuelekea shinani. Ukivuta kinyume utang’oa na jicho lililo kwapani mwa jani, na jicho hilo ndilo ua lako. Majani yasiyoachia kirahisi yakate kwa mkasi ubakize kikonyo, kitadondoka chenyewe. Mti hutarajiwa kuchanua wiki tatu hadi tano baadaye. Piga hesabu hapo: ua lililofunguka huanza kufa nyuzi 2 chini ya sifuri, hata kwa nusu saa tu. Makete na maeneo yenye jalidi ya Agosti, chelewesha kazi hii hadi jalidi iishe.

Njia ya pili ni kuinamisha matawi. Tawi lililosimama wima hutuma nguvu zote nchani. Ukililaza hadi liwe nusu kati ya wima na mlalo, au chini kidogo ya hapo, macho ya ubavuni huamka. Funga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli kwenye kigingi kilichopigwa ardhini. Usitumie waya wala kamba ya katani nyembamba. Tawi gumu liinamishe kwa awamu tatu, wiki moja moja, na ukague fundo kila mwezi, kwani tawi hunenepa.

Anayetaka kuunganisha miche achukue vikonyo vya kuunganishia sasa, macho yakiwa yamefumba: vijiti vilivyoota msimu uliopita, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Vifunge kwa gazeti lenye unyevu, uvitie ndani ya nailoni, uviweke kwenye friji, mbali na matunda. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayoua macho.

Kupogoa: wiki mbili za kati ya Agosti

Pogoa macho yanapoanza kunenepa lakini bado hayajafunguka. Kwa Njombe hiyo ni kama tarehe 5 hadi 20 Agosti. Kwa Makete ongeza wiki moja au mbili. Chagua siku kavu. Kidonda kibichi ndio mlango wa magonjwa, na plamu ndiyo dhaifu kuliko yote.

Vifaa ni sikatea (mkasi wa kupogolea) kali, msumeno wa kupogolea, na spiriti. Futa makali kwa spiriti kila unapohama mti. Jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji inafaa pia, lakini hula chuma, kwa hiyo suuza na upake mafuta jioni.

Mpangilio ni huu kwa kila mti. Kwanza ondoa vilivyokufa, vilivyovunjika na vyenye ugonjwa. Pili, ondoa maotea yote yanayotoka chini ya kiungio na ardhini. Yang’oe kwa kuyavuta upande, maana yakikatwa hurudi mawili. Tatu, ondoa matawi yanayosuguana, moja kati ya kila mawili. Nne, ondoa yanayoingia katikati na yale yaliyopanda wima kama mkuki. Rudi nyuma hatua kumi, tazama, ndipo uamue kama unahitaji kuendelea. Mti wa uani ni bora uwe na umbo la bakuli: matawi makuu matatu hadi matano, katikati wazi, jua linafika ndani.

Kuanzia hapo kila mti una sheria yake, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuikata yote sawasawa.

Mtufaha na mpeasi huzaa kwenye vijiti vifupi vyenye mikunjo, vyenye urefu wa kidole au chini yake, ambavyo huzaa mwaka baada ya mwaka mahali palepale. Vinaonekana vibaya, vimekomaa na kujikunja, na mtu asiyejua huvisafisha vyote ili mti “upendeze”. Amekata mavuno ya miaka kadhaa. Usitoe zaidi ya robo ya matawi ya mti kwa mwaka mmoja. Ukizidisha, mti hujibu kwa msitu wa machipukizi wima yasiyozaa. Kwenye mtufaha kagua pia pamba nyeupe katika nyufa za gome na makovu ya zamani. Huyo ni kidukari wa pamba, Eriosoma lanigerum. Msugue kwa brashi na maji ya sabuni, kisha fukua udongo kidogo shinani uone kama ameshuka kwenye mizizi. Ukinunua miche mipya, uliza kama imeunganishwa kwenye shina la chini, lile lenye mizizi, la aina ya MM106 au MM111, ambazo humvumilia.

Mpichi ni kinyume kabisa. Huzaa kwenye fimbo zilizoota msimu uliopita tu, zenye rangi nyekundu upande wa jua, na pale palipozaa hapazai tena. Usipoukata, matunda husogea mbali na shina kila mwaka hadi matawi yanavunjika kwa uzito. Ondoa karibu nusu ya fimbo hizo: zilizo nyembamba kuliko penseli zote, na nyingine kwa kuzipunguza hadi ziachane kama kiganja kimoja na kingine. Zilizobaki zikate theluthi ya ncha. Mwenye mpichi asiogope. Mti uliokatwa vizuri huonekana umenyolewa.

Mplamu upogolewe kidogo tu, kwa kuondoa matawi yaliyosongamana. Huzaa kwenye fimbo za mwaka mmoja na kwenye vijiti vifupi pia.

Mkato mdogo upigwe nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ukiinamia upande wa pili wa jicho ili maji yasilitiririkie. Ukikata karibu mno jicho hukauka. Ukiacha kisiki kirefu, kisiki huoza na kuoza hushuka. Tawi nene kuliko mkono wa sikatea likatwe kwa mikato mitatu:

1. Sentimita 30 kutoka shinani, kata kutoka chini hadi theluthi ya unene.
2. Sentimita 5 mbele ya hapo, kata kutoka juu hadi tawi lianguke. Ule mkato wa chini huzuia gome lisichanike hadi shinani.
3. Kisiki kilichobaki kikate nje kidogo ya ile pete ya gome iliyovimba pale tawi linapoungana na shina. Pete hiyo ndiyo inayofunga kidonda, kwa hiyo isikatwe, wala isiachiwe kisiki mbele yake.

Usipake lami, oili chafu wala udongo wa mfinyanzi kwenye kidonda. Hufungia unyevu ndani na mbao huoza chini ya kifuniko kizuri.

Mrututu na chokaa

Majani ya mpichi yanayojikunja na kuvimba kwa wekundu hutokana na ukungu uliolala kwenye macho kipindi chote cha baridi. Ukishauona kwenye majani, umechelewa hadi mwaka ujao. Kinga hupulizwa mara mbili: mara baada ya kupogoa, na tena macho yanapovimba kabla ya kuonyesha ncha ya kijani. Mchanganyiko wa kale wa mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa bado hauna mpinzani kwa bei.

Kwa lita 10 tafuta gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa. Chokaa iwe mpya: iliyokaa wazi miezi mingi imeshapoteza ukali, haitauzima mrututu, na dawa itaunguza macho. Funga mrututu kwenye kitambaa, uuning’inize juu juu ndani ya ndoo ya plastiki yenye lita 5 za maji, uulaze usiku kucha. Usitumie ndoo ya bati, mrututu huitoboa. Asubuhi koroga chokaa kwenye lita 5 nyingine, kisha mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa polepole ukikoroga. Tumbukiza msumari safi unaong’aa kwa dakika tatu. Ukitoka na wekundu wa shaba, ongeza chokaa kidogo na upime tena. Chuja kwa kitambaa ndipo utie kwenye bomba, vinginevyo pua ya bomba itaziba.

Mti wa mita 3 hunywa lita 2 hadi 3. Uloweshe hadi uanze kudondoka, pamoja na nyufa za shina. Puliza asubuhi isiyo na upepo, ukiwa na glavu, miwani na barakoa. Ondoa au funika mboga zilizo chini ya mti. Tumia mchanganyiko wote siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake hautaganda kwenye gome. Maji ya kuoshea bomba yasiende mtoni, kwani shaba huua samaki.

Wiki ya mwisho ya Agosti

Fungua vibanda vya miche kwa awamu: kwanza ukuta wa mashariki, siku nne baadaye nusu ya paa, kisha paa lote. Ukivitoa siku moja, majani yaliyozoea kivuli hubabuka kwa jua la Septemba.

Tandaza samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa mche na madebe mawili hadi matatu kwa mti unaozaa, kuanzia sentimita 30 kutoka shinani hadi mwisho wa kivuli, uichanganye na udongo wa juu kwa uma bila kukata mizizi. Juu yake rudisha matandazo, na uanze kumwagilia miti iliyolala mara macho yanapofunguka. CAN isubiri mvua za Novemba.